Oksijeni ya Shinikizo kwa Sikio Lililoumizwa na Mlio

Mlio wa bunduki ya kivita unaosikika karibu na sikio lisilokingwa huweza kuvuka desibeli 150, kiwango ambacho hujeruhi koklea, yaani mrija wa sikio la ndani uliojiviringisha kama konokono, ambamo seli nywele zipatazo 15,000 hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa hazioti tena kwa binadamu. Hata hivyo si zote zinazoguswa na mlio hufa papo hapo, kwani baadhi huduwaa tu, na tiba ya oksijeni ya shinikizo huzilenga hizi zilizo kati ya kupona na kufa.

Hoja ya tiba hii imejengwa juu ya maumbile ya koklea yenyewe. Damu huifikia kwa ateri moja nyembamba isiyo na njia mbadala ya kutegemewa, na seli nywele hazipitiwi na mishipa ya damu, bali hungoja oksijeni ipenye hadi kwao kupitia vimiminika vya sikio la ndani. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa kelele kali hupunguza oksijeni katika vimiminika hivyo, wakati uleule ambapo seli zilizochoshwa zinaihitaji zaidi.

Kumvisha mgonjwa barakoa ya oksijeni pekee huongeza kidogo tu, kwa sababu hemoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, kwa mtu mwenye afya tayari imekaribia kujaa. Shinikizo ndilo linalobadilisha hesabu: kadiri linavyopanda, ndivyo gesi nyingi zaidi inavyoyeyuka katika plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Mtu anayevuta hewa ya kawaida huwa na takriban mililita 0.3 za oksijeni iliyoyeyuka katika kila mililita 100 za damu, ilhali anayevuta oksijeni tupu kwa atmosfia 3 hufikia mililita 6 hivi, kiasi kinachokaribia kutosheleza mwili uliopumzika. Daktari Ite Boerema wa Amsterdam alilithibitisha jambo hilo mnamo 1960 kwa nguruwe walioendelea kuishi ndani ya chemba, yaani chumba kilichofungwa chenye shinikizo, ingawa chembe zao nyekundu za damu zilikuwa zimeondolewa karibu zote. Kwa sikio hutumika shinikizo la chini kidogo, atmosfia 2 hadi 2.5, kwa dakika 60 hadi 90 kila siku, mara nyingi pamoja na dawa za steroidi.

Ugumu umo katika kupima matokeo, maana masikio mengi yaliyoumizwa na mlio hupona yenyewe katika siku za mwanzo, na chemba ikasifiwa kwa kazi isiyoifanya. Ndiyo maana utafiti wa Finland wa 2008, uliowalinganisha wagonjwa waliotibiwa kwa chemba na wengine waliopewa oksijeni bila shinikizo, una uzito kuliko taarifa zisizo na kundi la kulinganishia. Kundi la chemba lilipona vizuri zaidi, ingawa wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Lakini kwa fundi aliyepoteza usikivu kidogo kidogo kiwandani kwa miaka mingi, ambaye seli zake zilikwisha kufa, tiba hii haina seli za kuokoa.

Shinikizo hilohilo huweza kuumiza kiwambo cha sikio iwapo mgonjwa hawezi kusawazisha hewa kwa kumeza mate, hivyo mwenye mafua makali huenda akaahirishiwa tiba, na siku anazongoja ndizo ambazo chemba ingemfaa zaidi.