Mkubwa ni Jalala: Kuisoma Linux Ukiwa Garsen

Nataka tuisome programu ya kusakinisha mfumo wa kompyuta kama tunavyosoma hadithi fupi. Ina mwanzo na mwisho. Ina sauti. Na kama maandishi mengine yote, kuna mtu fulani inayemwandikia. Swali langu ni moja tu: huyo mtu anaweza kuwa kijana wa Garsen?

Silileti swali hili kwa kujifurahisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11, kwa sababu inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sasa ebu niambie, kule mtumba ndio duka, nani ana lapi mpya? Binamu yangu ana lapi ya aina hiyo, RAM GB 4, betri inayokata roho stima ikipotea. Anaishi Garsen, mbele kidogo ya njia panda ya Minjila ambapo barabara ya kutoka Malindi inagawanyika, moja kwenda Lamu, nyingine kupanda Hola na Garissa. Hiyo lapi ndiyo shamba lake. Anaandikia watu wasifu wa kazi, anawajazia fomu za HELB na KRA, anaingia eCitizen kwa niaba ya wazee. Lapi ikifa, hali.

Kwa hivyo tukaweka Debian, mfumo huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, juu ya kiini cha Linux alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991. Nilikwenda nayo kwenye flashi ya GB 8. Binamu yangu alikuwa hajawahi kuiona. Maandishi haya ni uhakiki wa kile tulichokisoma pale kwenye skrini.

Nianze na sifa. Debian ina toleo unaloweza kuliwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya mashine. Unafungua kivinjari, unajaribu spika, unaangalia kama Wi-Fi inashika. Ukiona haikufai, unachomoa flashi, unarudi kwako. Shangazi yangu, mama yake binamu, alituona tumekaa muda mrefu bila kuamua akauliza, "Mwafanya nini muda wote huo?" Tukamwambia twaonja kwanza. Akaelewa mara moja. Garsen ni nchi ya maembe, na hakuna mwenye adabu anayekukataza kuonja kabla hujanunua. Ukurasa huu wa kwanza umeandikwa na mtu anayemheshimu msomaji wake.

Ukurasa wa diski ni habari nyingine. Hapo sauti inabadilika. Unaulizwa kama unataka kufuta diski nzima au kusakinisha kando ya mfumo uliopo, na maneno yenyewe yanadhani unajua "patisheni" ni nini. Anayeanza akifika hapa moyo unadunda, na ana haki. Picha za harusi ziko humo. Vyeti vya wateja viko humo. Programu imeandika sentensi fupi kuhusu jambo kubwa, halafu imekaa kimya.

Nilivyomweleza binamu yangu ni hivi. Diski ni ardhi moja kando ya mto. Mkulima ana shamba lake, mfugaji ana ng'ombe wake, na mto ni mmoja. Ukilima mpaka ukingoni pote bila kuacha malka, ile njia ya mifugo kufika majini, unatafuta vita. Windows na Linux zinaweza kukaa kwenye diski moja kama kila moja ina mpaka wake na kuna njia ya kupitia wakati wa kuwasha. Akacheka, lakini si sana. Kwenye Delta ya Tana, machafuko ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100, na malka lilikuwa neno zito katika ugomvi huo. Msomaji wa hapa anajua kugawana kuliko mwandishi wa ule ukurasa. Ila hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaja ramani. Chagua mahali ulipo. Tulitafuta Garsen, tukatafuta Hola, tukatafuta hata Mombasa. Wapi! Kenya nzima ni jina moja: Nairobi. Kiufundi kuna sababu. Orodha hiyo ya saa za dunia hutaja mji mmoja kwa eneo lenye historia moja ya saa, na siku hizi hata Dar es Salaam na Kampala zimeunganishwa na Nairobi ndani yake. Ukichimba utakuta kumbukumbu tamu: mpaka mwaka 1942 saa ya Nairobi ilikuwa nyuma ya hii ya sasa kwa robo saa. Mwandishi aliyehifadhi robo saa ya mkoloni kwa uangalifu huo ni mwandishi makini. Lakini makini hayo hayakufika kwenye jambo dogo ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Skrini iliandika 7:15. Shangazi akauliza saa ngapi, sote tukajibu kwa pamoja: saa moja na robo. Katika mipangilio yote tuliyofungua siku ile hatukuona pa kuiambia mashine kwamba siku yetu huanza jua likichomoza. Unaweza kutafsiri kila neno kwenye skrini na bado saa ikabaki ya kigeni.

Lugha, basi. Kwenye orodha ya lugha na maeneo ambayo Linux inayajua, Kiswahili kimo mara mbili: sw_KE na sw_TZ. Kioromo cha Kenya kimo, om_KE, na Kisomali cha Kenya kimo pia. Mworma wa Garsen anaweza kuona majina ya siku yakiandikwa kwa lugha iliyo ndugu wa damu wa lugha yake. Kwenye kibodi tukakuta mpangilio wa Kiswahili cha Kenya na wa Kikuyu. Binamu yangu, Mpokomo, akashuka orodha mpaka chini, akapanda tena. "Sisi hatumo," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeangalia orodha ya majina ya basari akitafuta lake.

Hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu Kiswahili kwenye programu huria kina historia ya heshima. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ikibeba jina la Kibantu ambalo sisi tunalitamka utu. Miezi miwili baadaye, Desemba 2004, mradi wa Kilinux uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi ya IT+46 ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyewapa ruhusa maalumu. Leseni yenyewe iliruhusu, wakafanya. Kazi hiyo haijapotea: LibreOffice, iliyozaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010, bado inakupa Kiswahili ukikitaka, kwa alama ya sw-TZ.

Tulikiwasha. Na hapa uhakiki wangu unakuwa mkali kidogo. Maneno ni sahihi, ndiyo, na mengi yanaeleweka. Lakini ukiyasoma kwa mfululizo unasikia sauti ya kamusi. Ni Kiswahili cha mtu aliyekaa mezani na orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto, akijaza upande wa kulia. Sisi wa Kenya hatuna la kuwacheka Watanzania, maana shuleni tulifundishwa tarakilishi na kipakatalishi, tukayaandika kwenye insha tukapata alama, tukatoka nje tukasema kompyuta na lapi. Neno la insha halikuwahi kuingia saiba.

Linganisha na maneno mengine ya mashine ambayo shangazi yangu, asiyegusa lapi, anayatumia kila siku. Sambaza. Okoa Jahazi. Lipa na M-PESA. Fuliza. Hakuna aliyemfundisha. Fuliza ni neno la zamani, kufanya jambo mfululizo bila kukatiza, na tangu 2019 kila Mkenya anajua maana ya kufuliza, wengine kwa uchungu mwingi mwisho wa mwezi. Najua hizo ni huduma za kampuni kubwa na nia yake ni faida. Lakini kama mhakiki wa lugha lazima nikiri ukweli: aliyeyachagua hayo maneno alianza na kitendo cha mtu, hakuanza na neno la Kiingereza. Mtu amekwama baharini, muokoe jahazi. Ni tafsiri ya hali, na ndiyo maana ilishika. Programu huria, ambazo kwa imani yake zenyewe ni za watu, zimeshindwa na kampuni ya simu katika kuzungumza na watu.

Na bado neno lenyewe, huria, ndilo ushindi mkubwa wa Kiswahili katika habari hii yote. Waingereza wana neno moja kwa uhuru na kwa kutolipa, wamehangaika nalo tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Sisi tuna bure na tuna huru, na hatuchanganyi. Tena bure yetu ina ncha: kazi bure ni kazi isiyo na maana, mtu bure ni mtu asiye na faida. Binamu yangu alipouliza, "Kwani ni ya bure?", alikuwa anauliza bei na ubora kwa pumzi moja. Jibu sahihi ni kwamba ni huria: unaweza kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuwagawia wenzako, na leseni kama GPL inadai kwamba ukiigawa lazima umpe mwenzako haki hizo hizo ulizopewa wewe.

Watu wa Mto Tana wana sababu ya kulisikiliza sharti hilo kwa makini. Mwaka 1963 Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, sauti yake ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Kila asubuhi ya bendera nchi nzima huimba sauti ya akina mama wa mto huu, na wengi wanaoimba hawajui. Kutoa si tatizo, Wapokomo walitoa. Tatizo ni kutoa kisha jina lako likapotea njiani, na baada ya miaka sitini ukashuka orodha ya lugha za kompyuta hujioni. Leseni ya programu huria, ikiheshimiwa, hulibakisha jina la aliyetoa. Huo ndio ukurasa mzuri kuliko yote katika Linux, na kwa bahati mbaya ndio ambao anayeanza huupita bila kuusoma.

Mtanisamehe nikitaja kasoro za kawaida pia, kwa sababu mtu anataka kujua kama inafanya kazi. Wi-Fi ilikataa, kadi ya ndani haikuwa na dereva. Tukachomeka simu kwa waya, tukatumia bando la simu, tukamalizia hapo. Kivinjari kinafungua eCitizen na KRA bila shida. Faili za Word zinafunguka, lakini wasifu wenye majedwali mengi hucheza, mstari unaruka ukurasa wa pili, na mteja aliyelipa hataki kusikia habari za uhuru. Ushauri wangu kwa binamu: tuma kwa PDF. Anafanya hivyo, kazi inaenda.

Nimalizie na maandishi ninayoyapenda zaidi ndani ya mfumo huu. Mara ya kwanza unapotumia amri ya sudo, ile inayokupa mamlaka yote juu ya mashine, Debian inakusimamisha na kukupa wosia wa mambo matatu: heshimu siri za wengine, fikiri kabla ya kuandika, na kwamba uwezo mkubwa huja na wajibu mkubwa. Halafu unaandika nywila na skrini haionyeshi chochote, hata nukta. Binamu yangu alidhani kibodi imekufa. Nikamwambia andika tu, inakusikia.

Hayo mambo mawili ya kwanza yanatafsirika na mtu yeyote. La tatu ndilo mtihani. Ukilifuata neno kwa neno unapata sentensi ya semina. Unaweza kusema cheo ni dhamana, maneno ya TANU, na yangefaa, ila yana harufu ya ofisi. Nilimuuliza shangazi: mtu akiwa ndiye mwenye amri ya kila kitu nyumbani, mnasemaje? Hakufikiria hata. "Mkubwa ni jalala." Uchafu wote hutupiwa yeye, na yeye hana wa kumtupia.

Hiyo ndiyo tafsiri. Inamwambia kijana mwenye nywila za wazee kumi wa eCitizen ndani ya lapi yake jambo analopaswa kusikia, kwa sauti anayoitii. LibreOffice na Debian zote mbili hupokea tafsiri kwenye Weblate, na huhitaji kujua kuandika programu ili kuchangia. Unahitaji sikio, na mtu mzima karibu wa kumuuliza. Mkienda, nendeni na maneno ya sokoni na ya jikoni, na sw_KE iwe na sauti ya watu. Na mtu wa mto akiwa na jioni kadhaa na bando la kutosha, orodha ile bado ina nafasi ya Kipokomo.