Wezi wa Baiskeli: Sinema Isiyotoa Jibu

Katika madarasa ya itikadi limejitokeza mara nyingi swali moja ambalo si la kupuuzwa: sinema inayoonyesha dhiki ya mfanyakazi bila kuonyesha njia ya kuiondoa ina faida gani kwa mapambano? Swali hilo liliulizwa kwa ukali na baadhi ya wanachuo wetu baada ya kuonyeshwa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyotengenezwa Roma na Vittorio De Sica mwaka 1948. Mmoja alisema ni sinema ya kulialia. Mwingine alitaka iondolewe katika mafunzo, ibaki Potemkin ya Eisenstein ya mwaka 1925, ambamo mabaharia wanakataa kuwapiga risasi wenzao na umma unainuka. Sisi tunaiheshimu sana Potemkin. Hata hivyo, tunaona ndugu hao wameisoma vibaya sinema ya De Sica, na kosa hilo kwa sehemu ni letu wakufunzi, tuliowazoesha kutafuta kaulimbiu katika kila kazi ya sanaa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Antonio Ricci, mfanyakazi asiye na kazi, anapata ajira ya kubandika matangazo kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayaweka rehani, na baiskeli inakombolewa. Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi akibandika picha ya Rita Hayworth, baiskeli inaibiwa. Yanayobaki ni kuitafuta, yeye na mwanawe mdogo Bruno.

Tuitazame ile sehemu ya rehani. Karani anachukua furushi la Maria na kuanza kupanda rafu. Anapanda, anazidi kupanda, na kila rafu imejaa mafurushi kama lile. Hakuna anayetoa hotuba. Lakini katika sekunde chache mtazamaji anaelewa kwamba hii si bahati mbaya ya nyumba moja. Ni tabaka zima linalolala bila mashuka. Tunawauliza wanaodai kwamba sinema hii haina uchambuzi: uchambuzi ni nini kama si huu? Na lile sharti la baiskeli je? Mfanyakazi anatakiwa aje na nyenzo yake mwenyewe. Ikiibiwa, hasara yote ni yake, na mwajiri hapotezi hata senti. Yeyote aliyepata kumwona kijana akisukuma mkokoteni wa kukodi juani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kisha Antonio anabisha kila mlango. Polisi wanaandika maelezo, basi. Kanisani maskini wananyolewa ndevu na kugawiwa supu, ila kwanza wasali. Mpiga ramli anachukua fedha yake na kumwambia kwamba ataipata baiskeli upesi au hataipata kabisa. Hapo wanachuo walicheka, nao walikuwa na haki ya kucheka. Hawakucheka katika sehemu ya chumba cha chini ya ardhi, ambako wafanyakazi wamekusanyika. Upande mmoja msemaji anazungumzia tatizo la ajira. Upande mwingine wenzake wanafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Baiskeli ya Antonio haimo katika ajenda. Anayemsaidia ni rafiki yake Baiocco, mzoa taka, ambaye alfajiri anakwenda naye sokoni pamoja na wenzake kutafuta fremu, matairi, pampu na kengele, kwa kuwa mwizi huenda ameifungua vipande vipande. Tunaamini sehemu hii ndiyo iliyowaudhi wanachuo, ingawa hawakuitaja. Kada anayetazama anajiona kwenye kile chumba, na haimpendezi.

Tena, jina la sinema liko katika wingi. Kule Marekani ilitangazwa kwa jina la Mwizi wa Baiskeli, mmoja tu, na kwa kuipunguza hivyo hoja ikauawa. Kwa maana kijana anayeshukiwa anaishi na mama yake katika chumba kimoja cha kimaskini, naye hana kazi. Na mwishoni, nje ya uwanja wa mpira, Antonio mwenyewe anaiba baiskeli na kukamatwa mbele ya mwanawe. Mfumo umemfanya mwizi wa pili kwa siku moja. Hilo si kulialia.

Kasoro zipo. Muziki unatushika mkono na kutuambia lini tusikitike, hali picha zinatosha. Ousmane Sembène, aliyekuwa mpakuzi wa meli Marseille kabla ya kusomea sinema Moscow, alichukua njia inayokaribiana na hii katika Mandabi ya mwaka 1968: mzee wa Dakar anahangaika kutoka ofisi hadi ofisi akitafuta kitambulisho ili achukue fedha alizotumiwa kutoka Paris. Yeye anakejeli zaidi, na kejeli yake inakata zaidi.

Wenye madaraka wa Italia walielewa hatari ya sinema za namna hii kuliko wanachuo wetu. Giulio Andreotti, akiwa serikalini, alimlaumu De Sica hadharani mwaka 1952 kuhusu Umberto D., kwamba anaitumikia nchi yake vibaya. Hakuna serikali inayohangaishwa na machozi matupu.

Lamberto Maggiorani, aliyecheza kama Antonio, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Sinema ilipokwisha alirudi kiwandani. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Muhula ujao tutaionyesha tena, na safari hii mjadala utaanzia kwenye kile chumba cha chini.