Kitendawili na Kisa: Tahakiki ya Mchezo wa Myst

Mchezo wa kompyuta aghalabu huchukuliwa kuwa burudani ya vijana isiyostahili kupimwa kwa mizani ya uhakiki. Msimamo huo ni vigumu kuutetea mbele ya Myst, mchezo uliobuniwa na ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller, pamoja na kampuni yao ya Cyan, ukatolewa mwaka 1993. Zaidi ya nakala milioni sita ziliuzwa. Hata hivyo, umaarufu si kipimo cha ubora wa kazi ya sanaa. Makala haya yanashikilia kwamba Myst hufaulu pale ambapo kitendawili na kisa ni kitu kimoja, na hulegea pale viwili hivyo vinapotengana.

Msuko wake si mgumu kuufuata. Mchezaji, asiye na jina wala sura, anajikuta katika kisiwa kisicho na watu. Ndani ya maktaba anakuta vitabu viwili, kimoja chekundu na kingine cha buluu. Katika kila kimoja amefungwa mwana wa Atrus, mtu mwenye kipawa cha kuandika vitabu vinavyofungua njia ya kuingia katika malimwengu yaitwayo Enzi. Sirrus na Achenar wanashutumiana vikali, na kila mmoja anamsihi mchezaji amletee kurasa zilizotawanyika ili apate uhuru wake. Kurasa hizo zimo katika Enzi nne, nazo hazifikiki ila kwa kutegua mafumbo.

Ubora wa kwanza umo katika usawiri wa wahusika. Ndugu hawa husema machache, na mwanzoni sauti zao hukatikakatika. Kila ukurasa unaoongezwa ndio unaozifanya zisikike vyema zaidi. Kwa hivyo vyumba vyao ndivyo vinavyowasema. Chumba cha Sirrus kimejaa anasa na mali. Cha Achenar kina vyombo vya mateso. Mchezaji hapewi maelezo ya msimulizi. Anasoma ushahidi, anaupima, kisha anatoa hukumu. Mfano bora ni barua iliyoraruliwa vipande viwili, inayoeleza namna ya kufungua hazina ya kisiwa. Kipande kimoja kimo chumbani mwa ndugu mmoja, na cha pili chumbani mwa mwingine, katika Enzi tofauti. Anayesikiliza upande mmoja tu hawezi kuisoma barua hiyo. Hapa fani imebeba maudhui bila kuhitaji mahubiri.

Ubora wa pili ni kinaya cha kilele. Ili wapate ukurasa wao wa mwisho, ndugu hao hawana budi kumwelekeza mchezaji kwenye chumba kilichofichwa nyuma ya meko. Chumba hicho ndicho chenye kitabu cha kijani cha baba yao. Wote wawili wanaonya kwamba kitabu hicho kisiguswe, na onyo hilo ndilo linalowafichua. Anayemwamini mmoja wao na kumkamilishia kurasa hufungwa yeye kitabuni. Uroho wa ndugu hao unawaangamiza kwa maneno yao wenyewe.

Udhaifu nao upo. Katika Enzi ya Selenitic, mchezaji husafirishwa chini ya ardhi kwenye reli zinazopindapinda, akiongozwa na milio inayoashiria pande za dira. Maana ya milio hiyo hufunzwa katika Enzi nyingine, ilhali Enzi zaweza kuzuriwa kwa mpangilio wowote. Aliyetangulia Selenitic hubaki kubahatisha. Kitendawili cha Waswahili huweza kuwa kigumu hata mteguaji akashindwa na kutoa mji. Lakini jibu likitajwa, kila mtu huona kwamba lilikuwamo ndani ya fumbo lenyewe. Reli za Selenitic hazina haki hiyo. Isitoshe, kuzitegua hakumfunzi mchezaji lolote kuhusu Atrus au wanawe. Ni kufuli tu, si sehemu ya kisa.

Udhaifu mzito zaidi ni ukimya wa waliodhulumiwa. Daftari za Atrus zinaeleza habari za watu wa Enzi alizozuru, wakiwamo wale wa Channelwood walioishi juu ya miti. Mchezaji akifika huko anakuta nyumba tupu. Yaliyowapata wenyeji anayabaini kutokana na mabaki ya watesi wao na daftari za mgeni aliyefungua njia. Mtetezi wa mchezo atasema kwamba utupu huo ndio ushahidi, na kwamba uwezo wa watunzi ulikuwa mdogo: kazi nzima ilijengwa kwa picha zisizosogea zipatazo 2,500, na ndugu Miller wenyewe ndio walioigiza, Rand akiwa Atrus na Achenar, Robyn akiwa Sirrus. Hoja hiyo haitoshelezi. Daftari hazikuhitaji mwigizaji. Ukurasa mmoja ulioandikwa na mkazi wa Channelwood ungetosha.

Athari yake inaonekana mwishoni. Mchezaji akimpelekea Atrus ukurasa mweupe, baba huyo anaondoka kushughulikia wanawe. Maktabani panabaki alama za kuungua mahali vilipokuwa vitabu viwili. Hukumu imetolewa faraghani, bila shahidi. Atrus mwenyewe, ambaye kalamu yake ndiyo iliyowafungulia wanawe njia ya kuyafikia malimwengu hayo, haulizwi swali hata moja. Kazi iliyomzoesha mchezaji kutilia shaka kila sauti inamtaka mwishowe aiamini sauti moja bila kuhoji.

Pamoja na kasoro hizo, Myst inastahili kusomwa, kwa maana kamili ya neno hilo. Ni michezo michache iliyoufanya usomaji kuwa tendo lenye gharama, ambapo kumwamini msemaji asiyefaa humpotezea msomaji uhuru wake. Kipimo hicho hicho ndicho kinachoishtaki: iliwafunza wachezaji kudai ushahidi, kisha ikawanyima ushahidi wa wale waliohusika zaidi.