Wasifu Usio na Msimulizi: Kuisoma Fomu ya Global Entry

Hakuna anayeiita fasihi fomu ya kuomba kuingia katika Global Entry, mpango wa Marekani wa wasafiri wanaoaminiwa. Hata hivyo fomu hiyo ni andiko lenye mpangilio, lenye nafsi inayouliza na nafsi inayojibu, lenye nyakati zake na ukimya wake. Tena inadai kile kile ambacho tawasifu hudai: mtu aeleze maisha yake kwa namna itakayomfanya msomaji amwamini. Kwa hiyo nimeisoma kwa vigezo vya tawasifu, nikianza na fani, maana naamini hukumu yake imefichwa katika fani kabla ya kufika kwenye maudhui.

Kwa ufupi, mpango huu unaendeshwa na mamlaka ya Marekani ya forodha na ulinzi wa mipaka. Ulianza kwa majaribio mwaka 2008, ukafanywa wa kudumu mwaka 2012. Anayekubaliwa hupita njia ya haraka uwanjani kwa miaka 5, na kwa mfanyabiashara anayeshuka kutoka Dubai au Guangzhou akiwa na mkutano baada ya saa mbili, hilo si jambo dogo. Ada ilikuwa dola 100. Tangu Oktoba 2024 ni dola 120, na hairudishwi hata ukikataliwa. Wanaoruhusiwa kuomba ni raia wa Marekani, wenye grini kadi, na raia wa nchi kadhaa zilizotajwa, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, India, Brazili na Singapore. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo. Waswahili wengi wanaoijaza basi ni wale waliokwisha kuhamia huko.

Fomu inaanza na jina, tarehe ya kuzaliwa na pasipoti. Sehemu hii haina la kusema zaidi ya desturi. Uandishi wenyewe unaanza kwenye historia. Makazi ya miaka 5 iliyopita, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Kazi za miaka 5, nazo bila pengo. Kama ulikuwa huna kazi, nalo liandikwe. Nchi ulizotembelea, miaka 5. Mwombaji anajiona yuko ndani ya mpaka wa wakati unaoeleweka. Kisha anafika kwenye maswali ya ndiyo na hapana, na mpaka ule unafutika. Umewahi kutiwa hatiani, Marekani au kwingineko? Umewahi kukutwa na kosa la forodha au la uhamiaji? Hapa hakuna miaka 5. Ni maisha yote.

Huu ndio uamuzi mkubwa wa kifani katika andiko zima. Mambo yanayomjenga mtu, yaani kazi, makazi na safari za biashara, yamepewa kipimo cha miaka 5, na yanayomvunja hayakuwekewa kipimo. Mama aliyeendesha duka lake Minneapolis kwa miaka 20 bila kudaiwa kodi hata senti, miaka yake 15 ya uaminifu haina mahali pa kuandikwa. Kosa alilofanya akiwa na miaka 19 lina mahali, tena lina kisanduku chake. Mwandishi yeyote wa riwaya anajua kwamba anayechagua wapi hadithi ianze ndiye anayeamua mhusika ataonekanaje. Fomu hii imeanzisha hadithi mbili za mtu mmoja katika siku mbili tofauti.

Ndiyo maana wasifu bora kabisa unaoweza kuandikwa hapa ni ule ambao ndani yake hakuna kilichotokea. Anwani moja, mwajiri mmoja, na safu ya hapana. Kila tukio ni hatari kwa mwandishi wake.

Kisanduku cha anwani kinastahili kusomwa polepole. Kinamtaka mtu awe na mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Tanzania yenyewe ilifanya operesheni kubwa ya anwani za makazi mwaka 2022. Kabla ya hapo wengi wetu tulizoea kuandika sanduku la posta, mara nyingi la shule, la parokia au la ofisi ya mjomba. Sasa mfikirie Mkongomani aliyekaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akapelekwa Marekani kama mkimbizi, akapata grini kadi na kuanza kuagiza vitenge. Miaka yake 5 inagusa kambi. Hakuna uongo wowote katika maisha yake, ila maisha hayo hayakai ndani ya kisanduku kwa umbo linalotakiwa. Naye anajua kwamba taarifa isiyokamilika ni sababu ya kukataliwa, sawasawa na taarifa ya uongo. Fomu haitofautishi kati ya aliyeficha na aliyekosa cha kuandika.

Mwaka 2020 kisanduku hiki kilionyesha nguvu yake yote. Mwezi Februari serikali ya Marekani iliwafungia wakazi wa jimbo la New York mlango wa kujiunga au kuongeza muda katika mpango huu na mingine ya jamii yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa sheria ya jimbo iliyozuia kumbukumbu za leseni za udereva zisifikiwe na vyombo vya mipaka na uhamiaji. Mwombaji wa Brooklyn angeweza kujibu hapana kila mahali kwa ukweli mtupu; mstari mmoja wa anwani ulitosha kumtoa. Zuio liliondolewa Julai mwaka huo huo, baada ya serikali kukiri mahakamani kwamba baadhi ya maelezo iliyoyatoa kulitetea hayakuwa sahihi. Kwa miezi ile, andiko lililodai kumpima mtu mmoja mmoja lilisomwa kwa kutazama anakolala tu.

Orodha ya sababu za kukataliwa nayo ina ufundi wake. Inaanza na andiko lenyewe: umetoa taarifa za uongo au pungufu. Inaendelea na hatia za jinai, makosa ya forodha, uhamiaji au kilimo katika nchi yoyote, kisha uchunguzi unaoendelea. Haya yote yanaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa hati. Mwishoni ndipo kunawekwa sababu ya aina nyingine kabisa: kwamba mwombaji hakuweza kuiridhisha mamlaka kuwa yeye ni mtu asiye na hatari kubwa. Orodha iliyokuwa imefungwa inafunguliwa na kipengele chake cha mwisho. Tulikuwa katika ushahidi, sasa tumo katika moyo wa ofisa, na mzigo wa kuuridhisha moyo huo umebebeshwa mwombaji.

Nataka kuwa mwadilifu kwa andiko hili. Ufupi wake una heshima fulani. Haliulizi dini wala kabila, na mfanyabiashara mwenye shughuli hulimaliza kwa kikao kimoja. Anayekubaliwa kwa masharti huitwa kwenye usaili, ambao huweza kufanyika hata uwanjani anaposhuka kutoka safari ya nje. Hapo huchukuliwa alama za vidole na picha, na ofisa humuuliza maswali machache juu ya kazi na safari zake. Ni mara ya kwanza sauti inasikika. Lakini usaili huu unafuata mpangilio wa fomu. Anayehojiwa anathibitisha aliyoyaandika, hasimulii upya.

Wala andiko halimaliziki akishakubaliwa. Jina lake linaendelea kupitishwa katika kumbukumbu za serikali muda wote wa uanachama, na kosa dogo linaweza kumwondoa. Mwaka 2018 zilienea habari za msafiri aliyeshuka Marekani kutoka Paris na kutozwa faini ya dola 500 kwa tofaa alilosema alipewa ndani ya ndege, akabaki na hofu ya kuupoteza uanachama wake wa Global Entry. Wanaosafiri na maembe ya nyumbani au nyama iliyokaushwa kwenye mkoba waisome habari hiyo kwa makini.

Kinachokosekana zaidi katika fomu hii ni shahidi. Tanzania, mtu akitaka kufungua akaunti ya benki au kushughulikia jambo rasmi, mara nyingi huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, akaandikiwa barua ya utambulisho. Barua ile ina kasoro zake, na inaweza kununuliwa. Ila kifani ni andiko la nafsi ya tatu: mtu mwingine, mwenye jina na muhuri, anasema huyu namfahamu. Imani ndani yake inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Global Entry haina mstari wa mdhamini, jirani, wala mteja wa miaka 10. Nafsi ya kwanza imeachwa peke yake mbele ya kumbukumbu za kompyuta.

Kadi ya wafanyabiashara ya APEC, iliyoanza mwaka 1997 na kuzihudumia nchi zinazozunguka Pasifiki, ilichukua njia nyingine. Mwombaji hupeleka maombi kwa serikali yake, nayo huyatuma kwa wenzake. Kila nchi inayoridhia huongezwa, na kwenye kadi ya plastiki orodha ya nchi hizo ilichapwa mgongoni. Hebu tazama andiko hilo: upande mmoja sura na jina, upande wa pili majina ya waliokubali kumpokea. Ni wasifu ulioandikwa na mashahidi. Marekani ilianza kuwapa raia wake kadi hiyo mwaka 2014, lakini ikaweka sharti kwamba kwanza mtu awe mwanachama wa mpango wake wa wasafiri wanaoaminiwa. Na kwa kuwa Marekani ni mwanachama wa mpito katika utaratibu huo, kadi ya mgeni huko humpatia njia ya haraka uwanjani, si ruhusa ya kuingia bila viza.

Anayekataliwa Global Entry hupata barua fupi yenye sababu iliyotajwa kwa jumla. Andiko lililouliza mwezi kwa mwezi linajibu kwa sentensi chache. Anaweza kuomba shauri lake liangaliwe upya, na katika ombi hilo ndipo anaambiwa aambatishe hati za mahakama na atoe maelezo yake juu ya tukio au rekodi iliyomkwamisha. Ukurasa mtupu wa kusimulia kwa maneno yake mwenyewe upo, basi, ila umewekwa nyuma ya kukataliwa, na wanaoufikia ni wale tu wenye subira na Kiingereza cha kutosha kuutafuta. Ukurasa huo uhamishwe mbele, kabla ya ile safu ya ndiyo na hapana, na uwe na nafasi ya jina la mtu mmoja anayemfahamu mwombaji.