Mkono Mwepesi Kwenye Kioo

Tangi jipya la samaki hupendeza kwa wiki mbili tatu, kisha huja vumbi la kahawia. Huanza kwenye mchanga, hasa pembeni ambako taa haifiki vizuri, likapanda mawe, likatanda juu ya majani ya mimea, mwisho likakaa kwenye kioo chenyewe. Hapo wengi hukata tamaa. Humwaga maji yote, huosha mchanga kwa maji ya bomba, husugua chujio mpaka ling'ae, na haupiti muda mrefu vumbi lile lile limerudi. Mfugaji mzoefu hafanyi hivyo. Yeye anajua aondoe nini na aache nini, na ujuzi huo nauhesabu miongoni mwa ufundi mzuri kabisa unaofanyika ndani ya nyumba.

Vumbi hilo lina uhai. Ni dayatomu, viumbe vya seli moja vinavyojijengea ukuta wa silika, madini yale yale yanayotengenezea kioo. Kila ukuta una nusu mbili, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake, nazo hufunikana kama kawa juu ya sahani. Silika iliyoyeyuka huja na maji ya bomba au ya kisima. Tangi changa bado halina wa kushindana nao: mimea haijashika mizizi, na bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ndio kwanza wanajikusanya chujioni. Anayeosha kila kitu huwaosha na bakteria hao, akalirudisha tangi siku yake ya kwanza.

Karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, yako machimbo ya Kariandusi ambako kuta za ardhi ni nyeupe pe. Weupe ule ni maganda ya dayatomu yaliyotulia chini ya ziwa la kale, tabaka juu ya tabaka. Mawe yake ni mepesi mkononi, na unga wa aina hiyo hutumika kuchujia vinywaji. Nikishika sponji huwa naikumbuka Kariandusi, na dharau yote kwa vumbi la tangini hunitoka.

Kazi yenyewe huanza kwa kuzima pampu, vumbi lisije likasambaa. Kioo hupanguswa kutoka juu kwenda chini, kwa sponji ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Dayatomu hutoka kirahisi, nguvu haihitajiki. Kinachohitajika ni uangalifu. Punje moja ya mchanga ikinaswa kati ya sponji na kioo itaacha mkwaruzo usiofutika, kwa hiyo karibu na mchanga mkono hupunguza mwendo na sponji husuuzwa mara kwa mara. Kwenye pembe zilizogundishwa kwa silikoni huingia mswaki laini, kamwe si wembe. Majani hayasuguliwi: jani hushikwa kati ya vidole viwili, likapanguswa taratibu kuelekea nchani. Kisha fundi hungoja vumbi litue.

Ndipo mpira wa kunyonyea maji unapoingia, na hapa ndipo ninapompenda fundi zaidi. Ncha ya mpira huelea juu kidogo ya mchanga. Ikishuka mno, mchanga hupanda mpirani. Ikiwa juu mno, maji safi humwagika bure na kahawia hubaki pale pale. Umbali huo hakuna rula inayoupima. Mkono huujua baada ya miezi ya kurudia kazi ile ile, na ukishaujua, ukahawia hunyanyuka na mchanga haujongei. Kiasi cha robo ya maji kikishatoka, inatosha kwa wiki hiyo. Chujio husuuzwa ndani ya maji hayo hayo yaliyotolewa, kwa kuwa klorini ya bomba huua bakteria. Maji mapya, yaliyolazwa ndooni tangu jana, humiminwa polepole juu ya kiganja.

Wapo wasaidizi. Robert Warington, mkemia wa London, alieleza mwaka 1850 jinsi alivyofuga samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa valisneria. Majani yalipooza, utelezi ukatanda kwenye kioo. Alipotia konokono wa bwawani, wakaula. Pwani yetu nayo ina konokono wake wa mikokoni, Neritina natalensis mwenye milia, anayefugwa mbali na kwao kwa kazi hiyo hiyo. Mabuu wake huhitaji maji yenye chumvi, kwa hiyo hawezi kulijaza tangi kwa uzao. Na kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika samaki wa jenasi Petrochromis huchana dayatomu kutoka kwenye nyuzi za mwani kwa meno madogo yenye ncha tatu, nyuzi zenyewe zikabaki zimeshika jiwe.

Konokono huyo wa mikokoni akiwekwa katika tangi lililosuguliwa pande zote anaweza kufa njaa. Ndiyo maana mafundi wengi hupangusa kioo cha mbele tu, pale jicho linapopita, wakaacha cha nyuma na mgongo wa mawe viwe na utando wao. Asubuhi, ukitazama kwa ubavu, utaona njia alizopita akila.