Tundu la Kifuniko

Mteja alifika na hukumu yake tayari: kabureta. Alitaka ifunguliwe ioshwe, na kama imekufa, iagizwe nyingine Kampala. Fundi alimwacha amalize, kisha akauliza jambo moja tu: "Mzee, ikiwaka, hukaa muda gani kabla ya kuzima?"

Mzee hakujua. Fundi akavuta kiti cha plastiki, akawasha injini, akaketi kungoja.

Tulikuwa chini ya mwarobaini, nje ya uzio wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Trekta lenyewe ni lile dogo la kukatia nyasi, lililonunuliwa mnadani shirika moja lilipofunga kambi yake. Injini ni Kohler ya silinda moja, nguvu za farasi 10, chuma kitupu, ya toleo lililokoma kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndani yake hamna kompyuta ya kukuambia ugonjwa, kwa hiyo itabidi uuguze kwa macho na masikio. Fundi huyu alikulia kambini Kakuma, na Kiswahili chake kina lafudhi ya huko. Akiwa na hasira hugeukia Kiarabu cha Juba. Siku hiyo sikukisikia hata mara moja.

Dakika ya tano mimi nilishachoka. Ya kumi na mbili, injini ilianza kukohoa, ikashuka, ikanyamaza.

Hapo ndipo alipoinuka, na sikutegemea mtu aliyekaa kwa utulivu ule angekuwa mwepesi hivyo. Injini inayozima ikishapata moto ina washukiwa wawili wanaofanana kama pacha. Koili iliyochoka hupoteza umeme ikichemka, ikipoa huamka. Tangi lisilopumua nalo hunyima mafuta, likiachwa kidogo hurudisha. Ukisubiri nusu saa, wote wawili wataonekana hawana hatia. Kwa hiyo alifungua plagi papo hapo, akailaza juu ya chuma, akamwambia kijana wake azungushe stata. Cheche ikatoka, nene, ya buluu. Akaigusa ncha ya plagi: kavu. Umeme upo, petroli haifiki.

Kabureta bado hakuigusa. Alitia kiganja kwenye kifuniko cha tangi, akakilegeza taratibu, na sote tukasikia tangi likivuta pumzi: fsss.

Katika kifuniko kile kuna tundu dogo la kuingizia hewa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kujaza nafasi. Tundu likizibwa na vumbi lililochanganyika na mafuta, tangi hujifinya kwa ndani mpaka pampu inashindwa kuvuta. Na fikiria petroli ile ilikotoka. Mafuta ghafi ya Sudan Kusini huenda kaskazini kwa bomba hadi Port Sudan, ilhali petroli ya kutumia Juba hupanda kutoka kusini, tangu Mombasa, ikavuka Uganda kwa malori, ikaingia Nimule, ikamaliza kilomita 192 za lami mpaka hapa. Safari yote hiyo, ikaja kukwama kwa tundu ambalo mchwa angepita kwa taabu.

Mimi ningefunga kazi hapo. Alilizibua tundu kwa unywele wa brashi (waya wa chuma hupanua matundu, alisema, na tundu likipanuka halirudi), akawasha. Injini ikapita dakika ishirini bila kuzima. Lakini aliinamisha kichwa. Kila alipoirudisha choki mahali pake, mlio ulipungua kidogo, kama mtu anayeongea huku amebanwa na mafua. Injini yenye moto inayoomba choki ina kiu: ama inavuta hewa ya wizi kwenye gasketi, ama mafuta yanapita kwa shida.

Akachomoa mpira wa mafuta, akakinga petroli kwenye chupa angavu ya maji, akaiweka kivulini. Tukangoja tena. Chini ya chupa vikatulia vitone vya maji na unga mwekundu wa kutu, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Ng'ambo ya uzio, marubani wa ndege ndogo hufanya jambo lilelile kabla ya kuruka: hukinga mafuta kidogo ya tangi kwenye kikombe kiangavu na kuyatazama kwenye mwanga. Rubani akikosea hana pa kuegesha.

Sasa, baada ya karibu saa mbili, alifungua bakuli la kabureta. Mteja aliguna kwa ushindi. Uchafu ulikuwepo kweli, na jeti ilikuwa nusu imeziba. Lakini angeanza na kabureta, angeiosha vizuri, akairudisha, na tangi lingeshusha uchafu mpya wiki hiyohiyo. Akamwaga tangi, akalisuuza, akabadilisha chujio na ule mpira, ambao nje ulikuwa mzima na ndani umebambuka. Mwisho akairudisha sindano ya kurekebishia mafuta: akaikaza kwa vidole viwili mpaka ikagusa tu, akairudisha nyuma mizunguko miwili, akamalizia kwa sikio, robo kwa robo.

Bei ilipotajwa, mteja akahesabu vipuri vilivyokaa chini: chujio na kipande cha mpira. "Na hizo pesa nyingine ni za nini? Za kuzibua tundu?"

Fundi alimgeukia kijana wake. "Tafuta tope kidogo, tumzibie tena mzee. Hiyo hatutamdai."

Mzee alicheka, akalipa. Chupa yenye maji na kutu akaomba aondoke nayo, akamwonyeshe aliyemuuzia petroli.