Tumbo Linataka Urefu: Gauni la Sare Lilivyofumuliwa na Kukatwa Upya

Shangazi alisimama mbele ya kioo cha sebuleni, akalivuta gauni chini kwa mikono miwili. Likashuka. Alipogeuka kutuonyesha mgongo, lilikuwa limeshapanda tena: mbele pindo liko juu ya magoti, nyuma liko chini ya magoti, tofauti ya vidole vitatu. Akavuta tena. Hiyo ilikuwa Jumatano, na sendofu ya mtoto wa dada yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi.

Kitenge kilikuwa cha sare. Kila mama alipewa yadi 6, na kamati ikachagua mshono mmoja kwa wote: gauni la kubana lenye peplamu, kipande kinachotanuka kutoka kiunoni. Kwa mwanamke mwenye kiuno chembamba mshono huo ni mzuri sana. Shangazi ana mwili ambao waandishi wa mitindo huuita umbo la tufaha. Mabega yake ni mapana, kifua kimejaa, kiuno hakijichori, tumbo limetangulia mbele; halafu nyonga ni nyembamba, makalio bapa, na miguu ni ya kupendeza, myembamba kama ya msichana. Kwa futi kamba: kifua inchi 46, chini ya kifua 40, tumbo 48, nyonga 44. Peplamu ilianzia hasa pale penye 48, ikatanuka kutoka hapo.

Fundi wa kwanza aliichukua ile 48 akajengea gauni zima juu yake. Ni kosa ninaloliona kila harusi. Mabega yaliangukia nje ya mfupa kwa zaidi ya inchi moja, kwapa zikawa pana, shingo ikaacha uwazi mgongoni, na bado tumboni palibana. Shangazi alipolalamika, aliambiwa apunguze tumbo kwanza. Neno hilo liliniuma kuliko hasara ya kitambaa. Mwanamke aliyezaa watoto wanne na kuwalea hakwenda kwa fundi kutafuta ushauri wa mwili. Alikwenda kutafuta nguo.

Alhamisi asubuhi tukaenda kwa fundi wangu wa Magomeni, kijana mpole, kichwa chake kimejaa hesabu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, niokoe." Hakupima lolote kwanza. Alimwomba avae lile gauni, asimame kama anavyosimama siku zote, asivute tumbo ndani. Kisha akamzunguka na kusimama ubavuni, akakaa hapo muda mrefu. Mafundi wengi humtazama mteja kwa mbele tu. Umbo hili siri yake iko ubavuni, maana tumbo linatoka mbele, haliendi pembeni.

"Mama, gauni lako halijapungua upana peke yake," akasema. "Limepungua urefu."

Chukua futi kamba, ianzie pale shingo inapokutana na bega, ipitishe juu ya kifua, juu ya tumbo, iachie ishuke hadi magotini. Kisha pima nyuma, kutoka sehemu ile ile hadi usawa ule ule. Kwa Shangazi mbele kulizidi nyuma kwa inchi 1¾. Kitambaa kinapopanda mlima wa kifua na mlima wa tumbo hutumia urefu, na kama fundi hakuutoa, kinauiba kwenye pindo. Ndiyo sababu gauni hupanda mbele. Kuongeza upana hakuponyi tatizo hilo hata kidogo; unapata hema linalopanda mbele.

Fundi akampima pia akiwa ameketi. Tumbo lilisoma 50½, inchi mbili na nusu zaidi ya aliposimama. Sendofu watu hukaa saa nyingi, wanakula wakiwa wamekaa, kwa hiyo namba ya kufanyia kazi ilikuwa hiyo. Na alimtaka avae sidiria ile ile atakayoivaa Jumamosi. Sidiria iliyochoka hushusha kifua, na kifua kikishuka kinaifunika sehemu ndogo nyembamba ambayo mwili huu umejaliwa, ile iliyo chini kidogo ya matiti. Zile inchi 40 ndizo zilizokuwa mtaji wetu wote.

Hesabu ya kitambaa ilitusaidia. Gauni la kwanza lilikula yadi 4, zikabaki yadi 2, yaani inchi 72 za urefu kwa upana wa inchi 46. Na kwa kuwa sehemu ya juu ilikatwa kubwa kupita kiasi, iliweza kufumuliwa na kupunguzwa. Ingekuwa imekatwa ndogo, tusingekuwa na la kufanya. Akaketi na wembe, akafumua uzi mmoja mmoja, mikono kwanza, kisha mabega. Vipande vikapigwa pasi, vikalazwa juu ya kiolezo kipya alichokichora kwenye karatasi ya kaki, na bega likarudishwa juu ya mfupa. Mabadiliko hayo peke yake yalimpunguzia Shangazi umri machoni petu kabla hata sketi haijakatwa. Bega likikaa mahali pake, jicho huamini kwamba nguo ni ya mwenyewe.

Kiuno akakihamisha. Badala ya kukitafuta penye tumbo, aliweka mshono chini ya kifua, inchi 15 kutoka begani. Alisisitiza inchi hizo, kwa sababu mshono huu ukipanda kidogo tu na kukaa juu ya matiti, kifua kinaonekana kimekatwa katikati. Wafaransa waliuvaa sana mkato huo enzi za Napoleon, aliyejitawaza mwaka 1804, na picha za mkewe Joséphine zinaonyesha kanzu yake imeshikwa pale pale. Kwetu wengi tunaujua kwa sababu nyingine, na Shangazi akaisema bila kuficha: "Fundi, usinivike gauni la mjamzito kwa umri huu."

"La mjamzito lina marinda mbele, mama. Lako sitaweka rinda hata moja."

Na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Marinda chini ya kifua hurundika kitambaa juu ya tumbo na kulitangaza. Yeye alikata sketi kwa vipande sita, vitatu mbele na vitatu nyuma, kila kimoja chembamba juu na kipana chini. Juu jumla ni inchi 40, sawa na chini ya kifua. Chini pindoni ni 80. Upana ukaongezeka polepole ndani ya mishono, bila mkunjo wowote. Ile inchi 1¾ ya urefu hakuiongeza pindoni. Alikata kiolezo cha mbele kimlalo usawa wa kitovu, akakifungua katikati kwa kipimo hicho na kukiacha kifunge hadi sifuri ubavuni, kisha akanyoosha mistari yake. Urefu ukakaa pale tumbo linapouhitaji, na mishono miwili ya mbele ikashuka wima kutoka kifuani hadi chini. Nyuma alifanya kinyume: makalio bapa hayadai kitambaa, kwa hiyo vipande vya nyuma vilikuwa vifupi na tulivu, na zipu ikawa hapo.

Maua ya kitenge ndiyo yaliyomla muda. Kitambaa kilikuwa na maduara makubwa kama sahani, yamepangwa kwa safu, na kwenye gauni la kwanza duara moja lilikuwa limetua katikati ya tumbo kama shabaha. Fundi alisogeza kiolezo juu ya zile yadi 2 kwa karibu saa nzima. Mwishowe kipande cha kati akakitoa kwenye uwazi ulio kati ya safu mbili, maduara yakaangukia kwenye mishono na kukatwa nusu, na yale mazima yakabaki karibu na pindo. Anayeshona kanga achunge hilo hilo: mji wa kanga mara nyingi una picha moja kubwa, na picha hiyo ina desturi ya kutafuta tumbo.

Kitenge cha pamba kina faida yake. Kina ugumu kidogo, kinasimama mbali na ngozi, tofauti na vitambaa laini vya kung'aa vinavyofuata kila mkunjo wa mwili. Ndani akaweka bitana ya kuteleza ili sketi isinase tumboni wakati wa kutembea. Shingo akaifungua kwa V, mikono akaishusha hadi robo tatu. Mkono mfupi ulikuwa unaishia usawa wa kifua, na kuongeza mstari wa mlalo pale palipo papana tayari; mkono wa robo tatu unaishia kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, ambapo Shangazi ni mwembamba. Pindo lilisimama chini tu ya goti, miguu ile ikaonekana. Mkanda hakuuweka, na mimi ningemzuia kama angejaribu.

Kwa anayenunua nguo tayari, iwe soko la Karume au la Gikomba, kipimo ni kile kile. Vaa, simama ubavu mbele ya kioo, tazama pindo. Likipanda mbele, irudishe hata kama inafunga vizuri, kwa sababu urefu uliokwisha kukatwa haurudi. Bega likiwa limekaa na tumbo linabana kidogo, geuza nguo ndani nje uangalie kitambaa kilichoachwa kwenye mishono ya ubavuni. Kikiwepo, fundi ataachia. Dira, lile gauni pana, nalisifu kwa nyumbani na kwa joto letu, lakini kwa sherehe mwambie fundi alishike kidogo chini ya kifua, upande wa nyuma tu. Litaendelea kuwa dira.

Ijumaa jioni fundi alipiga magoti sakafuni na rula ya mbao na chaki, akamzunguka Shangazi, akiweka alama kwenye pindo. Kutoka sakafuni mbele inchi 17. Ubavuni 17. Nyuma 17. Akamwambia aketi, asimame, kisha akapima tena. 17.

Jumamosi kina mama wa sare waliingia kupeleka zawadi, wakicheza kwa mstari kutoka mlangoni hadi jukwaani. Shangazi alikuwa wa tatu, amebeba boksi la vyombo kwa mikono yote miwili, na hakuusogeza hata mmoja njia nzima.